Dawa hujaribiwa kabla ya kutolewa, na huduma ya simu je?

Na MWANDISHI WETU

Hebu chukulia kwamba wewe ni mama wa mtoto mchanga, unaishi Mtongwe kule Likoni, na asubuhi moja simu yako inalia. Ni arafa kutoka kliniki: "Mlete mtoto apate chanjo Jumanne 8:00."

Aliyeandika ujumbe huo ana maana ya saa mbili asubuhi. Lakini kwa mtu aliyezoea saa za Kiswahili, nane ni nane. Jumanne ikifika mama anafua, anapika chakula cha mchana, anamfunga mtoto kwa leso na kutokea kliniki saa nane mchana. Foleni imekwisha, chanjo zimerudishwa kwenye jokofu na muuguzi anajaza vitabu vyake. Mama anaambiwa arudi siku nyingine.

Mtoto huyo hakukosa chanjo kwa sababu mamake ni mzembe. Chanjo ilikuwapo, muuguzi alikuwapo, na simu ilifanya kazi yake barabara. Alikosa kwa sababu ya tarakimu moja tu, ambayo hakuna aliyejali kuuliza itasomwaje na mtu wa Mtongwe.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini hatari yenyewe si ya kubuni. Siku hizi afya ya Mkenya imeingia ndani ya simu. Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua mahali pa hazina ya NHIF, wananchi wamekuwa wakijiandikisha kwa kupiga *147# au kupitia mtandao. Wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, ambao mpango wao ulizinduliwa na serikali Septemba 25, 2023, walipewa simu za kuwekea habari za nyumba wanazozitembelea. Mwaka huo huo wa 2023, Bunge lilipitisha Sheria ya Afya ya Kidijitali.

Basi swali ni hili: dawa mpya haiwezi kuwekwa mikononi mwa mgonjwa kabla ya kujaribiwa. Kwa nini basi programu inayomwambia mgonjwa huyo aende wapi, lini, na ameze nini, itolewe kwa maelfu ya watu bila kujaribiwa na hata kumi?

Wasanifu wa programu wana kazi mbili za kuzuia jambo hili. Ya kwanza ni utafiti wa watumiaji, yaani kwenda kuwaona na kuwasikiliza watu kabla ya kuchora chochote. Ya pili ni jaribio la matumizi, yaani kumpa mtu kitu chenyewe akitumie huku ukimtazama anapokwama. Kazi hizi hazihitaji mitambo ya ghali. Zinahitaji muda, subira na masikio. Wahenga walikwisha sema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

UJUMBE USIOELEWEKA UNAWEZA KUUA

Pengine msomaji atasema kwamba kupotea kwa saa chache si jambo kubwa. Na tutazame basi yaliyotokea Marekani na Canada kati ya mwaka 1985 na 1987.

Kulikuwa na mashine ya kutibu saratani kwa miale iliyoitwa Therac-25, ambayo iliendeshwa kwa kompyuta. Katika muda huo wagonjwa 6 walipigwa na miale iliyopita kiasi kwa mbali sana, na baadhi yao wakafa kwa majeraha hayo.

Wachunguzi walipofuatilia walikuta makosa ndani ya programu yenyewe. Lakini walikuta pia kosa la namna mashine ilivyozungumza na binadamu. Hatari ilipotokea, kioo kilionyesha maneno "Malfunction 54", na kitabu cha maelezo hakikumweleza mhudumu maana yake. Kwa kuwa mashine hiyo ilikuwa na tabia ya kutoa ujumbe wa hitilafu mara kwa mara, wahudumu walizoea kubonyeza kitufe kimoja na kuendelea na kazi.

Wahudumu hao hawakuwa wajinga. Mashine ndiyo iliyowafundisha kutojali. Mtu angekaa nao chumbani kwa siku mbili tatu akitazama wanavyofanya kazi, angeona vidole vyao vikikimbilia kitufe hicho bila hata kusoma.

"MAMBO?" "SAWA." "SHIDA."

Hapa kwetu Kenya tunao mfano mzuri wa kuigwa. Kati ya mwaka 2007 na 2008, watafiti wa mradi wa WelTel waliwaandikisha wagonjwa 538 waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi katika kliniki 3, mbili za Nairobi na moja ya Kajiado. Nusu yao walihudumiwa kama kawaida. Wengine walikuwa wakipokea arafa moja kila wiki kutoka kwa muuguzi.

Arafa yenyewe ilikuwa neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu katika muda wa saa 48. Akiwa mzima alijibu "Sawa", na akiwa na tatizo alijibu "Shida". Aliyejibu "Shida", au aliyenyamaza, alipigiwa simu.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la utabibu la Lancet. Miongoni mwa waliopata arafa, asilimia 62 walisema wanameza dawa zao ipasavyo, na kati ya wale wengine ilikuwa asilimia 50. Virusi vilikuwa vimedhibitiwa mwilini mwa asilimia 57 ya waliopata arafa, ikilinganishwa na asilimia 48 ya wenzao.

Litazame neno hilo vizuri. Halitaji ugonjwa, dawa wala hospitali. Jirani akichungulia simu, au mume akiichukua mezani, ataona salamu ya kawaida ya mtaani. Halihitaji simu ya bei. Hata ile ndogo ya tochi tunayoiita mulika mwizi inatosha. Na jibu lake ni neno ambalo kila mtu analo mdomoni tayari.

Kuna funzo jingine kutoka Chulaimbo, karibu na Kisumu. Huko wagonjwa 431 wa Ukimwi waligawanywa katika makundi. Baadhi walipata arafa za kuwakumbusha dawa kila siku, wengine kila wiki, na wengine hawakupata. Mtu angedhani kwamba anayekumbushwa kila siku ndiye atakayefanya vyema zaidi. Haikuwa hivyo. Waliokumbushwa mara moja kwa wiki ndio waliofaulu: asilimia 53 walimeza angalau asilimia 90 ya dawa zao, na miongoni mwa wasiokumbushwa ilikuwa asilimia 40. Arafa za kila siku hazikuleta faida. Tena maneno marefu ya kutia moyo hayakushinda ujumbe mfupi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2011.

Nani angeyajua hayo akiwa ofisini? Ni jaribio tu lililoweza kuonyesha.

Pwani nayo haikuachwa nyuma. Mwaka 2009 kulianza uchunguzi katika vituo 107 vya afya vya mashambani, baadhi yao Pwani na vingine magharibi mwa Kenya. Safari hii waliotumiwa arafa ni wahudumu wa afya wenyewe, wakikumbushwa namna sahihi ya kuwatibu watoto wenye malaria. Kila ukumbusho ulifuatwa na maneno ya hekima ili msomaji asichoke kuufungua. Matibabu sahihi yaliongezeka kwa takriban pointi 24 za asilimia, na miezi 6 baada ya arafa kusimamishwa, faida hiyo ilikuwa bado ipo.

HATA M-PESA ILIBADILISHWA NA WATU

Wako watakaosema kwamba mteja hajui anachotaka, na kwamba kazi ya mtaalamu ni kumletea tu. Wakumbuke M-Pesa, ambayo leo hakuna duka la Kisauni lisiloijua.

Mwishoni mwa mwaka 2005 Safaricom na Vodafone zilianza kuijaribu kwa wateja wachache, wasiozidi mamia, pamoja na shirika la mikopo midogo la Faulu Kenya, Nairobi na Thika. Nia ya kwanza ilikuwa kuwarahisishia watu kulipa mikopo yao kwa simu.

Lakini waliopewa huduma hiyo waliitumia kwa njia zao. Walitumiana pesa. Waliwanunulia wenzao muda wa maongezi. Waume walio mbali walizipeleka fedha nyumbani. Waliokuwa wakilitazama jaribio hilo waliona, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilikuja na ahadi ya kutuma pesa nyumbani. Mikopo iliwekwa kando.

Kama wangewauliza watu kwa karatasi tu, "Je, ungependa kulipa mkopo kwa simu?", wengi wangejibu ndiyo, na mambo yangekomea hapo. Faida ilitokana na kuwatazama.

MANENO YENYE MITEGO

Tukirudi Mombasa, mtego wa kwanza ni lugha. Anayedhani kwamba akiisha kutafsiri programu kwa Kiswahili sanifu amemaliza kazi, hajaanza.

Saa tumekwisha iona. Dawa yake ni rahisi: andika "saa mbili asubuhi" kwa maneno.

Lichukue neno homa. Mtu mmoja akilisikia anafikiri joto la mwili. Wa pili anafikiri malaria. Wa tatu, hasa aliyetoka bara, anafikiri mafua na makamasi. Programu ikiuliza "Mtoto ana homa?" na akina mama watatu wajibu ndiyo, huenda wamezungumzia mambo matatu. Afadhali kuuliza: "Ukimgusa mtoto, mwili wake una moto?"

Liko pia neno degedege. Watafiti waliochunguza jambo hili Bagamoyo, Tanzania, katika miaka ya 1990, walionyesha kwamba jamii nyingi huutazama ugonjwa huu wa mtoto kutetemeka na kukakamaa kama ndwele ya peke yake, yenye waganga wake, wala hawaihusishi na malaria. Mama wa aina hiyo akisoma katika simu kwamba "malaria kali ni hatari", hataona kwamba ameambiwa yeye. Mtoto wake ana degedege, hana malaria. Lakini degedege mara nyingi huwa dalili ya malaria kali, na kila saa inayopotea ni hatari kwa ubongo na uhai wa mtoto. Ujumbe usiolitaja neno ambalo mama analitumia haumfikii.

Mtego mwingine ni maswali ya kukanusha. Uliza kwa Kiswahili, "Hujatapika leo?" Aliyekuwa hajatapika atajibu, "Ndiyo," yaani ni kweli, sijatapika. Kompyuta iliyopangwa kwa mawazo ya Kiingereza italiandika jibu hilo kama mtu aliyetapika. Mgonjwa amesema kweli, lakini cheti chake kimesema uongo.

Mitego hii huonekana katika nusu saa ya kwanza ya jaribio. Bila jaribio, inaweza kukaa ndani ya programu kwa miaka.

LIKONI SI KISAUNI, KISAUNI SI CHANGAMWE

Kosa jingine ni kudhani kwamba Mombasa ni moja. Mara nyingi wanaobuni huduma huchagua watu wa kisiwani walio karibu na ofisi, wakawajaribia wao, kisha huduma ikapelekwa bara pande zote.

Likoni ina Wadigo wengi, na watu wake wanaofanya kazi kisiwani huishi kwa saa za feri. Kumsimamisha mtu kivukoni umwonyeshe programu ni kupoteza muda wako na wake. Atabonyeza chochote ili akuondokee. Lakini kivuko chenyewe ni jambo la kutafitiwa. Huduma inayomwelekeza mgonjwa wa Likoni kwenye Hospitali Kuu ya Pwani lazima ihesabu maji yaliyo katikati, na itaje kwanza hospitali ya Likoni yenyewe kwa jambo linaloweza kutibiwa huko.

Changamwe kuna viwanda, bandari ya Kipevu na uwanja wa ndege. Watu wametoka kila pembe ya Kenya, na Kiswahili chao kimechanganyika na lugha za kwao. Wengi hufanya kazi kwa zamu. Mtafiti akienda Chaani au Port Reitz saa nne asubuhi siku ya kazi, hatawapata. Walio zamu ya mchana wako kazini, na walio zamu ya usiku wamelala. Atakaowakuta watamfanya aamini kwamba Changamwe haina wanaume.

Kisauni, sehemu kama Mlaleo, Bakarani na Mishomoroni, familia nyingi hukaa katika nyumba za vyumba zenye ua mmoja. Ukimwomba mama mmoja akujaribie, majirani watatu watasogea. Mmoja atasema, "Bonyeza hapo juu!" na mwingine atajibu kwa niaba yake. Hilo nalo ni funzo, kwa sababu huenda ndivyo simu inavyotumiwa siku zote katika ua huo. Lakini kama swali ni la uzazi wa mpango au kifua kikuu, mama yule hatasema kweli mbele ya kadamnasi. Mtafiti wa busara hutafuta chumba cha faragha katika zahanati, na humpeleka mwanamke azungumze na mwanamke mwenzake. Tena hapangi mikutano wakati wa sala ya Ijumaa.

Jambo la afya nalo lisisahauliwe. Programu ya wagonjwa wa sukari ijaribiwe na wagonjwa wa sukari. Maradhi haya hudhuru macho, na kwa wengine huleta ganzi miguuni na hata vidoleni. Kijana wa miaka 25 aliyeiunda ataona maandishi yake ni makubwa ya kutosha. Mzee wa miaka 60, akiwa amesimama juani na miwani ameiacha nyumbani, haoni kitu. Hata bila ugonjwa, watu wengi huanza kupata taabu ya kusoma vitu vya karibu wafikapo umri wa miaka 40 na kitu.

Na simu itumike ile ambayo mtu anayo. Mwenye kabambe haoni picha nzuri za programu. Yeye hutegemea menyu za namba, ambazo hukatika akichelewa kujibu, na kumlazimu kuanza upya.

ADABU INAPOFICHA UKWELI

Watu wa Pwani wamelelewa kumheshimu mgeni. Kijana akija na programu aliyoitolea jasho, aulize, "Mwaionaje?", atajibiwa, "Mashallah, nzuri sana." Atatoka amefurahi, na hatajua lolote.

Tabia hii haiko hapa peke yake. Mwaka 2012 watafiti walichapisha jaribio walilolifanya Bangalore, India. Waliwaonyesha watu vitu viwili, na kudokeza kwamba kimoja kimetengenezwa na yule anayewauliza. Watu hao walielekea kukipenda kile cha mwulizaji mara 2 na nusu zaidi. Mwulizaji alipokuwa mgeni wa kutoka ng'ambo aliyehitaji mkalimani, walikipendelea mara 5 zaidi.

Dawa yake ni kuacha kuuliza maoni na kutoa kazi. Usimwulize mtu kama anaipenda programu. Mpe simu, mwambie: "Tuseme mtoto wako ana wiki 6. Tafuta humu ni lini umpeleke chanjo." Kisha nyamaza. Usimwelekeze kwa kidole wala kwa macho. Mwombe aseme kwa sauti anachofikiri kila anapobonyeza. Akikwama, andika alipokwama. Akiuliza, "Nifanye nini sasa?", mrudishie swali: "Kama nisingekuwapo, ungefanyaje?"

Jambo kubwa la kumwambia mwanzoni ni hili: "Hatukupimi wewe. Tunaipima programu. Ukishindwa, kosa ni letu." Mengi hufunguka baada ya hapo. Mwishoni mwulize akueleze kwa maneno yake alichoagizwa kufanya. Kama anasema tofauti na ulichoandika, aliyeandika ndiye anayepaswa kurekebisha.

Inafaa pia aliyeunda programu asiwe ndiye anayeuliza. Fundi hawezi kuvumilia kuona mlango wake ukisukumwa badala ya kuvutwa, ataingilia tu.

WACHACHE WANATOSHA

Sababu ambayo miradi mingi huitoa ya kutojaribu ni gharama. Sababu hiyo haina nguvu. Mwaka 1993 Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha kwa hesabu kwamba mtu mmoja wa kwanza huweza kufichua karibu asilimia 31 ya kasoro za matumizi, na watu 5 hufichua kama asilimia 85. Baada ya hapo kila mtu anayeongezwa huleta mapya machache. Ushauri wa Nielsen ni kujaribu na watu 5, kurekebisha, kisha kujaribu tena na 5 wengine.

Hesabu hiyo ina sharti lake. Watano hao wawe wa namna moja. Mama wa Mtongwe, kuli wa Kipevu na mzee wa Mishomoroni ni watu wa namna tatu, na kila kundi linahitaji watano wake. Hata hivyo, jumla ni watu 15. Nauli zao za matatu na tuktuk, soda na shukrani ya muda wao hazifikii gharama ya bango moja la kutangaza huduma ambayo watu hawataielewa.

Wala si lazima programu iwe imekwisha kuundwa. Chora kila ukurasa kwenye karatasi, mtu abonyeze kwa kidole, nawe ubadilishe karatasi kulingana na alipogusa. Kasoro ikionekana hapo, inafutwa kwa kifutio. Ikionekana baada ya huduma kuzinduliwa, itafutwa kwa mamilioni ya shilingi na kwa imani ya watu, ambayo haipatikani tena kwa urahisi.

Tahadhari moja: majaribio haya madogo huonyesha kama watu wanaielewa programu. Hayathibitishi kwamba programu inaponya au inapunguza ugonjwa. Hilo huhitaji uchunguzi mkubwa kama ule wa "Mambo?", wenye kibali cha kamati ya maadili na leseni ya tume ya taifa ya utafiti, NACOSTI.

SIRI YA MGONJWA

Simu ya mkononi wengi huiita mali ya mtu binafsi, lakini katika nyumba nyingi si hivyo. Mtoto huichezea, kaka huiazima, mume huikagua. Arafa moja inayotaja kliniki ya Ukimwi au dawa za kupanga uzazi inaweza kumletea mwanamke kipigo, au kumvunjia nyumba.

Kwa hiyo swali la kwanza la mtafiti lisiwe "Una simu?" Liwe "Nani mwingine huishika simu yako, na saa ngapi?" Kutokana na jibu hilo ndipo huamuliwa kama ujumbe utumwe, ubebe maneno gani, na utumwe wakati gani.

Sheria nayo imesema. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti zinazohitaji ulinzi wa pekee. Anayezikusanya lazima akuambie anazitakia nini, na una haki ya kuziona na kudai zirekebishwe zikiwa na makosa. Ukiona haki zako zimevunjwa unaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data.

UKIOMBWA KUSHIRIKI

Huenda wewe msomaji, au mamako, ukaombwa siku moja katika zahanati ya mtaani kwenu kujaribu huduma mpya ya simu. Usikimbie. Ukikaa nusu saa na kuonyesha ulipokwama, unaweza kuwaepusha maelfu ya wenzako na taabu ile ile. Lakini shika mambo haya:

- Uliza wametoka wapi, na hospitali au zahanati inawajua.

- Uliza watarekodi nini: sauti yako, picha yako, au vidole tu vinavyobonyeza. Una haki ya kukataa.

- Huna haja ya kutoa habari za ugonjwa wako halisi. Jaribio zuri hutumia mgonjwa wa kubuniwa.

- Usitoe namba yako ya siri ya M-Pesa kwa yeyote. Hakuna jaribio la haki linaloihitaji.

- Waweza kuacha wakati wowote, na matibabu yako yasiguswe kwa sababu hiyo.

- Usiwasifu bure. Kama hukuelewa, sema hukuelewa. Kama neno hulijui, waambie ninyi nyumbani husemaje.

- Waulize watarudi lini kuwaonyesha walichobadilisha.

Na wewe kijana unayeunda programu za afya, ukiwa umekaa mbele ya kompyuta yako hapo mjini, kabla ya kuandika ujumbe wako wa kwanza panda feri au matatu. Chukua karatasi na kalamu. Kaa kwenye benchi la kliniki ya Likoni, Mlaleo au Port Reitz asubuhi moja, kwa ruhusa ya muuguzi mkuu, na usikilize akina mama wanavyoitaja saa, homa na dawa.

Chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto afikapo miezi 9, na tena miezi 18. Mama anayefika saa nane mchana badala ya saa mbili asubuhi ataona haya kurudi. Surua haitamsubiri mpaka programu irekebishwe.